Matairi Niliyomchagulia Kenge

Jamani wenzangu wa meza ya Jumamosi, mmeniuliza mara tatu safari ya Muleba ilikuwaje, na mara zote tatu nimewajibu, "Nzuri tu, tulifika salama," kisha nikaomba chumvi au nikaanza habari nyingine. Nilidanganya. Mama alifika, mimi nilifika, na Kenge naye alifika, lakini heshima yangu sijui niliiacha kilomita ya ngapi. Nimeona heri niandike kuliko kusimulia, kwa sababu nikisimulia nitaanza kupamba. Mnanijua.

Na kwa kuwa najua mtasambaziana, nianze na wale wasionijua. Mimi ni Respicius, mwalimu mstaafu wa fizikia, Mhaya wa Muleba ninayeishi Butimba. Kenge ni gari langu la michezo, jekundu, la milango miwili, lenye umri wa mtu aliyekwisha kumaliza chuo. Jina hilo lilitolewa na majirani kwa sababu tumbo lake karibu linagusa ardhi, na kila kwenye tuta inabidi nilipitishe upandeupande, kama kenge anayetoka ziwani. Nililichukia jina, nikalizoea. Gari lenyewe nililipenda siku zote, na balaa lote lilianzia hapo.

Butimba hadi Busisi

Mama yangu amepita miaka themanini. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hapa Mwanza, jicho la kulia. La kushoto lilikwisha siku nyingi, kwa hiyo hilo la kulia ndilo lilikuwa jicho lake lote. Daktari alipomruhusu kurudi nyumbani alitoa masharti: matone kila baada ya saa nne, miwani nyeusi muda wote, asiiname, vumbi lisimfikie, na asafiri kwa gari lisilorusha. Hayo ya gari aliyasema akiniangalia mimi.

Dada yangu Adelina, anayeishi na Mama kule Muleba, alipiga simu siku mbili kabla.

"Kaka, kodi Noah. Huyo Kenge mwache nyumbani, tafadhali."

"Unataka kunifundisha kuendesha?"

"Sikufundishi, nakuomba."

Ombi lake nililiona dharau. Nilikuwa nimeshawatangazia ndugu kwamba siku moja nitaingia Muleba na gari hilo, Mama akiwa kiti cha mbele. Nilikuwa nawaona watu wakitoka uani kutazama, na mimi nashuka polepole kumfungulia mlango. Jicho sikuliwaza. Naliandika hilo wazi kwa sababu nimechoka kujitetea.

Tatizo lilikuwa matairi. Kenge hatembei sana, kwa hiyo kashata, yale meno ya tairi, zilikuwa bado zimesimama, lakini mpira ulikuwa umekauka kwa uzee na ubavuni umejaa nyufa. Hata mimi niliona hayawezi safari ile. Nikaamua nitayabadilisha njiani, Sengerema, kwa fundi mmoja niliyemfundisha sekondari kabla sijahamia Butimba. Mngeniuliza kwa nini nisibadilishe hapa mjini, ningewapa sababu tatu. Ya kweli ni kwamba nilitaka mwanafunzi wangu anione na gari.

Tuliondoka jua limeshachomoza. Buti tulilijaza mchele, sabuni, vitenge na samaki wakavu, maana mtu hatoki Mwanza mikono mitupu. Tulipofika Kigongo Mama aliuliza kama tunapanga foleni ya kivuko.

"Siku hizi hakuna kivuko, Mama. Tuko juu ya daraja la Busisi."

Aligeuza shingo taratibu, kama alivyoelekezwa, akatazama ziwa kupitia miwani yake. Alipokuja Mwanza alipita hapohapo, ila wakati ule alikuwa anaona mwanga tu.

"Ee waitu," alishangaa kwa Kihaya. "Maji yote haya, na mimi nilikuwa nayasikia tu! Resi, punguza mwendo niyaone."

"Utayaona tukirudi, Mama."

Kurudi wapi? Yeye ndiye aliyekuwa anarudi. Sikupunguza mwendo, na daraja likaisha.

Sengerema, kwa Shija

Shija ana banda la bati kando ya barabara, kompresa inayokohoa, matairi yaliyopangwa hadi mlangoni, na gari lake dogo la kijivu limeegeshwa pembeni. Aliponiona alikuja mbio akijifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, Shija. Bado upo hapahapa?"

"Nipo, mwalimu. Si ulitabiri mwenyewe?" Akacheka, na mimi nikacheka bila kujua ninachekea nini. Mama aliuliza nilitabiri nini. "Bibi, mwalimu aliniambia darasani kwamba nitaishia kuziba pancha. Na kweli!"

Alisema bila kinyongo hata chembe, ndiyo maana ilinichoma. Nilikuwa nimesahau kabisa. Hapo ndipo nilipokumbuka: kidato cha pili, somo la msuguano, Shija amesimama mbele ya ubao na swali limemshinda. Nilimwambia maneno hayo mbele ya darasa zima, na darasa likacheka kwa sababu nilikuwa mwalimu na nilikuwa nimetaka wacheke. Sasa ana watoto sekondari, na bado anayasimulia kama utani.

Nilibadilisha mazungumzo. Nikamwambia nataka matairi manne, ya kumfikisha Mama Muleba. Aliingia bandani, akatoka akiviringisha tairi jipya.

"Hizi, mwalimu. Ubavu wake mnene, zinakula mashimo zenyewe. Bibi hatasikia kitu."

Niliangalia. Yalikuwa ya Mchina, kashata za kawaida, ubavu mnene kama wa tairi la gari la kubebea ndizi. Ukutani, nyuma yake, yalining'inia manne mengine, mitumba kutoka Japani: mapana, ubavu mwembamba, kashata zimekatwa mithili ya mishale, yamepakwa dawa yanang'aa. Moyo wangu ulikwenda huko moja kwa moja.

"Na zile?"

"Zile za Japani, mwalimu. Zilikuja na rimu za mtu. Nimezitundika tu."

"Sasa kwa nini huniambii? Mtumba wa Japani ni bora kuliko mpya wa Mchina. Hilo hata mtoto anajua."

"Ni kweli watu husema hivyo, mwalimu." Alilishusha moja, akaweka kidole kwenye tarakimu nne zilizochapwa ubavuni. "Umeziona namba hizi, mwalimu? Zinaonyesha..."

"Shija," nikamkatiza, "namba nilikufundisha mimi."

Akaondoa kidole. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu."

Ninyi wengi mmekuwa walimu, mnaijua hiyo "sawa". Kwetu mtu hamwambii mwalimu wake kwamba amekosea, hata kama mwalimu ana mvi na yeye mwenyewe ana wajukuu. Nimesimama darasani zaidi ya miaka thelathini, na uso wa mwanafunzi anayejua jibu lakini anaogopa kunyoosha mkono naujua. Niliuona pale. Nikajifanya sijauona, kwa sababu matairi yalikuwa mazuri.

"Bibi ametoka kutibiwa macho?" aliuliza, akimtazama Mama na miwani yake.

"Jicho moja. Ndilo lililobaki."

"Basi mwalimu, mimi nilikuwa naona..."

"Funga, Shija. Tunachelewa."

Alimtolea Mama kiti cha plastiki, akamweka kivulini. Mimi nikavuka barabara kwenda kunywa supu ya sato na chapati mbili, na kusema kweli niliongeza ya tatu. Niliporudi, Kenge alikuwa amelala chini zaidi kuliko zamani, amejaa vizuri kwenye magurudumu, anapendeza hadi nikasimama kando kumtazama. Kitu kimoja kilinisumbua: buti lilikataa kufunga, nikalikandamiza kwa mikono miwili. Nikadhani ni ule mchele umesogea.

"Endesha taratibu, mwalimu," Shija alisema dirishani. "Likitokea lolote, nipigie."

Hatujafika mbali Mama akasema, "Resi, yule kijana ana moyo. Ameniambia kwamba..."

"Mama, Shija namjua tangu hajaota ndevu. Wewe tulia, daktari alisema usiongee sana."

Daktari hakusema hivyo.

Geita

Ubavu mwembamba wa tairi maana yake ni kwamba hakuna mto kati yako na barabara. Hilo ni somo la kidato cha kwanza, na mimi nilikuwa nalipuuza huku nikiwa nimekaa juu yake. Kila ufa wa lami ulipanda kupitia usukani hadi kwenye meno. Mama alikuwa ameshika kiti kwa mkono mmoja na paji la uso kwa mkono mwingine.

"Hili gari linahesabu kokoto," alisema.

"Ni matairi mapya, Mama. Yatalainika."

Tulisimama Geita kula na kumtia matone. Niliegesha mbele ya mgahawa, na kabla sijamshusha watu walikuwa wameanza kukusanyika. Nilifurahi. Hicho ndicho nilichokuwa nimekitafuta tangu asubuhi. Nikamshika Mama mkono kwa madaha, na miwani yake nyeusi, na kitenge chake kipya, tukaingia.

Tukiwa katikati ya ndizi na maharage, dada aliyetuhudumia aliinama sikioni kwangu. "Samahani, mzee. Watu wa pale nje wanauliza, huyu bibi ni mganga? Wanataka kujua kama anapokea wagonjwa leo."

Nilipaliwa. Mama, ambaye masikio yake hayajawahi kuwa na tatizo, alijibu mwenyewe: "Waambie, mwanangu, mgonjwa ni mimi. Mganga anatafutwa."

Mgahawa mzima ulicheka, na nikajikuta nimekasirika, eti gari langu wameliona la mganga. Mama alisubiri kicheko kiishe, akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Resi, ukipata shida ya tairi, Shija amesema..."

"Hakutakuwa na shida ya tairi!" Nilipandisha sauti hadi meza ya jirani wakageuka. Mama akarudisha mkono wake kwenye sahani.

Baada ya Chato

Mbele ya Chato walikuwa wanajenga kalavati, tukaelekezwa kwenye mchepuko wa udongo na mawe. Kenge alisaga tumbo mwanzo mwisho. Vumbi liliingia hadi kwenye dashibodi, Mama akajifunika uso kwa kanga. Tulipopanda lami tena nikaona saa zimekwenda, nikakanyaga mafuta ili nifidie.

Tairi la nyuma kushoto lilipasuka kwa kishindo. Kenge alizunguka, mkia ukataka kutangulia kichwa, nikapambana na usukani huku nikiwaita Yesu na Maria kwa pamoja. Tulisimama pembeni kabisa mwa mtaro. Miwani ya Mama ilikuwa imeanguka miguuni mwake, na yeye amekishika kichwa kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba chungu cha maji.

"Mama! Jicho?"

"Lipo," alisema. Akanyoosha mkono nimpe miwani.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na nyumba, na mwanamke akiuza mananasi mbele yake. Alikuja mbio, akajitambulisha kuwa ni Mama Leokadia, akamshika Mama akamkalisha kwenye benchi barazani. Watu wengine watano sita wakajitokeza, kama ilivyo kawaida ya barabara.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jeki na spana huwa naviweka nyuma ya kiti, nikavitoa. Mahali pa spea sikupafungua. Nilijua kilichomo: kile kitairi chembamba kilichokuja na gari, ambacho hakijatiwa upepo tangu nimelinunua. Buti ni langu, gari ni langu, nini nisichokijua? Badala ya kufungua, nilipiga simu Sengerema.

"Shija! Umeniuzia mauti! Tairi limepasuka!"

"Uuuwi! Pole, mwalimu! Bibi yuko salama?"

Ndilo swali lake la kwanza, nakumbuka vizuri. Mimi nikaendelea kufoka, maana nilikuwa na watazamaji.

"Mwalimu, fungua buti, kule chini..."

"Nyamaza! Hata hiyo kazi ya kuziba pancha nayo imekushinda?"

Nikakata. Na kama hiyo haikutosha, nikafungua kundi la simu la wanafunzi wangu wa zamani wa Sengerema, watu wazima wenye kazi zao na familia zao, nikarekodi sauti nikiwatahadharisha wote wasikanyage kwa Shija, tapeli anayeuza vifo. Nilitaja jina lake mara mbili.

Kutoka barazani nikasikia, "Resi, sikiliza kidogo."

"Mama, sasa hivi HAPANA!"

Mama Leokadia aliangalia mananasi yake. Wale watu waliokuwa wamesimama waliangalia barabara. Sijawahi kumpigia Mama kelele namna ile, na nilimpigia mbele ya wageni, akiwa na jicho moja na vumbi kwenye nywele. Nikalifungua tairi lililopasuka, nikalipakata kwenye pikipiki ya abiria, nikarudi Chato.

Chato fundi wa kwanza alilishika, akavuta mpira kwa vidole, nao ukabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Akatafuta zile tarakimu nne.

"Mzee, hii ilitengenezwa mimi sijaanza darasa la kwanza. Kwani hukuziona hizi namba? Nani kakuuzia?"

Hapo nilielewa kila kitu, kidole cha Shija na ile "sawa" yake. Mtu mwenye haya angesema, "Nilijichagulia mwenyewe." Mimi nilimjibu, "Fundi mmoja wa Sengerema. Tapeli."

Saizi ya Kenge haikupatikana mahali pa kwanza wala pa pili. Mahali pa tatu nilipata linaloingia kwenye rimu, nene kuliko wenzake. Nilipokuwa natafuta leso nijifute jasho ndipo mkono wangu ukagusa kichupa ndani ya begi langu la begani. Matone ya Mama. Saa yake ilikuwa imepita zamani.

Nilimhimiza dereva wa pikipiki hadi akaniuliza kama nataka tufe wote. Nilimkuta Mama palepale barazani. Malori yalikuwa yamepita mchana kutwa, na kanga aliyofunikwa ilikuwa imebadilika rangi. Alipoondoa miwani, jicho lilikuwa jekundu, linatiririka machozi.

"Sioni vizuri, Resi," alisema taratibu, kama anayeomba radhi. "Kumeingia ukungu."

 Nilimtia matone, nusu yakaenda shavuni kwa haraka yangu. Mama Leokadia alitufungia nanasi moja, akakataa katakata kupokea chochote. Mimi hakuniangalia usoni.

Muleba

Tuliingia Muleba mwendo wa bata, Kenge ameinua bega moja kama mbuzi aliyeteguka. Waliotoka uani kutazama sikuwaona, tulikwenda moja kwa moja hadi hospitali. Jicho lilisafishwa, likafungwa. "Limekosa dawa na limepata vumbi," daktari alisema. "Kesho asubuhi nitawaambia kama limepona au la." Adelina alitukuta pale. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake yote, ila yeye alimshika Mama mkono akanipita, na hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Asubuhi bandeji ikatolewa. Daktari aliinua vidole mbele ya Mama, Mama akavikazia jicho. Nilihesabu pumzi zangu. Nikamwahidi Mungu mambo mengi, likiwemo la kuliuza gari.

"Vitatu," Mama alisema. "Na hiyo pete inakubana, baba. Ivue kabla kidole hakijavimba."

Daktari alicheka, Adelina akapiga kigelegele kidogo. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya gari, mtu mzima, nimekumbatia nguzo.

Tulipofika nyumbani ndipo tukakumbuka kwamba mizigo ilikuwa bado kwenye buti. Mama alikaa mlangoni na miwani yake akitusimamia. Adelina alitoa vitenge, akatoa samaki, akavuta mfuko wa mchele.

"Resi," Mama aliita, "lile tairi la Shija usije ukasahau kumrudishia."

"Tairi gani, Mama?"

"Si hilo lililo chini ya mizigo? Aliliweka wakati umekwenda kunywa supu. Aliniambia, 'Bibi, mwalimu hapendi kuambiwa. Mahali pa spea nimetoa kile kitairi chembamba, nimeweka tairi zima linaloingia gari hili. Likitokea la kutokea, wewe mwambie.'"

Niliinua kapeti. Lilikuwepo, pana, jeusi, ubavu mnene, limejaa upepo, limefungwa kabisa kwenye rimu yake. Ningelifunga kwa robo saa, na Mama asingekaa barazani hata dakika moja.

"Nilitaka kukuambia," Mama alisema. "Mara tatu."

"Ungenilazimisha, Mama!"

"Wewe? Wewe huambiwi, mwanangu."

Hakuwa na hasira. Alikuwa anataja tu tabia yangu, kama mtu anayesema kijana wake ni mrefu. Adelina alibeba mchele akaingia ndani.

Nilifungua simu. Kwenye lile kundi walikuwa wamebishana usiku kucha. Mmoja ameandika, "Shija yupi? Shija wetu? Haiwezekani." Mwingine amejibu, "Kama mwalimu amesema, basi ndivyo." Shija mwenyewe alikuwa ameandika mstari mmoja, hakumjibu mtu wala hakujitetea: "Pole sana mwalimu. Bibi amefikaje?"

Kurudi

Nilikaa siku nne, hadi wekundu ulipoanza kutoka jichoni, na kila siku niliahirisha kuandika kwenye lile kundi. Nilijiambia mambo kama hayo yanafaa kusemwa ana kwa ana. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kisha nikarudi, peke yangu, nikiendesha kama nimebeba trei za mayai. Mbele ya Chato nilimwachia Mama Leokadia kitenge na salamu za Mama. Alipokea salamu kwanza.

Sengerema nilifika alasiri. Kando ya banda la Shija kulikuwa na gari dogo la kijivu, ambalo siku ile ya kwanza lilikuwa limesimama vizuri. Sasa lilikuwa juu ya mawe, magurudumu matatu, la nyuma kushoto halipo. Sikuhitaji kuuliza lilikokwenda. Siku zote nilizokuwa Muleba, yeye alikuwa anatembea kwa miguu.

Alitoka bandani akijifuta mikono.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilifungua mdomo. "Marahaba" ilikataa kutoka. Salamu hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo asiniambie ukweli, na nilikuwa naipokea kila siku kana kwamba nimeifanyia kazi.

"Shija, nimekukosea," nilisema.

Alitazama chini, akasugua ardhi kwa kiatu. Alikuwa anaona haya kwa niaba yangu. "Yamepita, mwalimu. Bibi anaona?"

"Anaona."

"Basi, mwalimu. Basi."

Haikuwa basi. Nilitoa simu, nikasimama hapohapo mbele yake na mbele ya wateja wawili, nikarekodi sauti kwenye lile kundi. Nilisema matairi nilichagua mimi, fundi alinionyesha namba nikamnyamazisha, kisha akanitolea tairi la gari lake mwenyewe na mimi nikamwita tapeli. Nikasema na lile la kidato cha pili, la kuziba pancha, kwamba lilikuwa neno baya na nililisema ili darasa licheke. Shija alikuwa ananipungia mkono niache. Sikuacha hadi nilipomaliza.

Tulirudisha gurudumu lake, gari likashuka kwenye mawe. Halafu nikamwambia amvue Kenge matairi yote, achague yeye. Nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki alichokalia Mama.

"Kabla hujafunga, nisomee namba," nilimwambia. "Nifundishe."

Alichuchumaa na tairi jipya mbele ya magoti yangu, akaanza kwa sauti ya kunong'ona, kisha ikapanda kidogo kidogo. Hizi mbili za mwanzo ni wiki, mwalimu. Hizi mbili za mwisho ni mwaka. Mpira unakufa hata kama gari imelala. Nilisikiliza hadi mwisho.

Lakini mazoea yana taabu. Macho yangu yalipanda ukutani, na huko palikuwa na mengine manne, mapana, ubavu mwembamba, yanang'aa kuliko yale ya kwanza. Mdomo ukatangulia akili.

"Na zile pale?"

Shija alilaza tairi chini. Alijifuta mikono, akatazama barabara, akatazama miguu yangu. Nikauona tena ule uso, wa mwanafunzi anayejua jibu. Safari hii sikusema kitu. Nilisubiri, jambo ambalo darasani sikuwahi kulifanya.

"Hapana, mwalimu," alisema mwishowe. "Zile hapana."

"Sawa, Shija," nikasema.